Gurudumu la Kilo Themanini na Sita

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nilipotuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Nataja dakika kwa sababu simu yenyewe huziandika, na kwa sababu wiki mbili baadaye ujumbe huo ulisomwa kwa sauti, pamoja na saa yake, mbele ya watu zaidi ya sitini.

Niliandika hivi: "Ndugu zangu, mwaka huu familia yangu haitakwenda mbali. Tumeamua kufanya makumbusho. Tutaanzia Bukoba mjini, tutapita Kemondo, na tutamalizia nyumbani kwa Mzee, Ijumbi, Jumamosi ya tarehe ishirini, saa saba mchana. Mwenye picha au kumbukumbu yoyote ya zamani aje nayo."

Niliusoma mara tatu kabla ya kuutuma. Haukuwa na kosa la tahajia hata moja.

Majibu yalianza kuingia kabla sijamaliza chai. "Amina." "Mungu akubariki sana." "Hatimaye!" Binamu yangu wa Ijumbi alituma vile vikaragosi vya mikono ya sala, vinane kwa mstari. Nilishangaa kidogo kwamba ukoo ambao kwa miaka mingi umeniita Profesa kwa dhihaka ulikuwa na hamu kubwa namna hii ya mashine za kale. Binamu akauliza, "Padri ameshaambiwa?" Nikajibu, "Hakuna haja ya padri. Nitaeleza mwenyewe, nimesoma vya kutosha." Zikapita dakika kumi na moja. Kisha akaandika, "Kumbe siku hizi umeokoka?" Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari hapa Bukoba. Naishi Nyanga na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mabinti wawili: mkubwa yuko chuo, mdogo yuko darasa la sita. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sina sababu ya kuyataja. Yote ninayoyajua kuhusu injini niliyasoma mwenyewe, kwanza katika kitabu cha ufundi kisicho na jalada nilichokikuta stoo, kikiwa kimeorodheshwa chini ya "mengineyo", na baadaye katika simu. Naweza kueleza kazi ya kila kifaa kilichomo ndani ya gari. Kuendesha gari sijui. Gari letu dogo, lililonunuliwa kwa mkopo, huendeshwa na mke wangu, nami hukaa kando yake nikimweleza kinachotokea chini ya boneti. Hajawahi kunishukuru.

Wazo la likizo lilitokana na video. Nilimwona mzungu mmoja amesimama na watoto wake watatu mbele ya kichwa cha treni kilichostaafu, ndani ya jengo kubwa lenye taa, wote wanne wakitabasamu. Walikuwa wamelipa kiingilio ili waone kitu ambacho hakiendi popote. Niliitazama mara sita. Nilizitaka zile tabasamu.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli. Baba yangu alikuwa na mashine ya kukoboa kahawa kule Ijumbi. Iliendeshwa na injini moja ya dizeli, ya kuwashwa kwa mkono, yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni, yale ambayo mafundi huyaita flaiwili. Baba alipofariki, miaka tisa iliyopita, injini ilibaki kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na nyumba ilibaki chini ya shangazi yangu, dada yake Baba, ambaye hakuolewa tena baada ya ujane na ambaye hulima kibanja chake cha migomba mpaka leo. Mwezi Oktoba alinipigia simu.

"Mtu wa vyuma chakavu amekuja tena," alisema. "Mara ya tatu hii. Ana mizani yake kabisa."

"Mwambie asubiri, Shangazi."

"Asubiri nini?"

"Mwezi wa kumi na mbili nakuja. Nitaeleza."

"Wewe kila kitu ni kueleza," akasema, na salio lake likaisha, au akakata.

Mpango wangu ulikuwa huu. Niwapeleke mke wangu na mabinti waone mitambo ya kale ya mkoa wetu, kituo baada ya kituo, ili wakifika Ijumbi wawe tayari kuelewa kwamba injini ya Baba si chuma, ni urithi. Kisha sote wanne, tukiwa na msimamo mmoja, tumwombe Shangazi asiiuze. Ningeweza kumwomba kwa simu siku ileile ya Oktoba, kwa sentensi moja. Sikufanya hivyo. Nilitaka kwanza kuandaa mazingira.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni. Mke wangu alikuwa ameweka akiba ya shilingi 640,000 ili twende Mwanza kwa meli, tulale siku mbili, turudi. Alikuwa ameingoja safari hiyo tangu Pasaka. Niliwaonyesha hesabu: ziara yangu ingegharimu 200,000 tu, yaani mafuta, chakula, zawadi ya Shangazi, dharura, na viingilio vya makumbusho, ambavyo nilivitengea elfu ishirini.

"Kwa hiyo nibadilishe meli na Ijumbi," alisema mke wangu.

"Si Ijumbi peke yake. Kuna vituo vitatu."

"Baba, hii ni likizo au ni ziara ya masomo?" aliuliza binti mkubwa.

"Ni likizo yenye maarifa."

"Kutakuwa na mtihani?" aliuliza mdogo, kwa hofu ya dhati.

Nilishinda kwa sababu ya zile laki nne na elfu arobaini ambazo zingebaki, wala si kwa hoja. Mke wangu alisema tutakwenda, lakini kwa sharti: nikishindwa kumfurahisha hata mtu mmoja, mwakani yeye ndiye atakayepanga, na mimi nitakaa kwenye meli nikiwa nimefunga mdomo mpaka Mwanza.

Nikatengeneza kijitabu cha safari, kurasa kumi na nne, nakala nne, kilichobanwa pini kwenye steshenari ya jirani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maana za maneno. La kwanza kabisa lilikuwa hili: "Makumbusho: mahali panapohifadhiwa na kuonyeshwa vitu vya kale kwa ajili ya elimu." Ukurasa huo sikuutuma kwenye kundi la ukoo. Niliona ungewachosha.

Jumamosi ile tuliondoka Nyanga saa mbili kamili. Kituo cha kwanza kilikuwa kiwanda cha zamani cha kahawa pembezoni mwa mji, ambacho nilipokuwa mdogo kilinguruma msimu mzima. Kilikuwa kimegeuzwa ukumbi wa sherehe. Msimamizi, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, alitufungulia akidhani tumekuja kukodi.

"Harusi au kipaimara?" aliuliza.

"Tunatafuta mitambo," nikasema.

"Mitambo ya muziki mnakuja nayo wenyewe."

Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema mashine nyingi ziliondolewa kwa kuwa zilikuwa zinaharibu picha za maharusi. Lakini moja ilibaki, ilikuwa nzito mno kuhamishwa. Akatupeleka nyuma ya jukwaa. Lilikuwa pipa kubwa la chuma la kupitishia kahawa, zima kabisa, limepakwa rangi ya waridi na kuzungushiwa maua ya plastiki. Keki hukatiwa juu yake.

Nilifungua kijitabu ukurasa wa nne na kuanza kueleza jinsi buni zilivyoshuka kwa uzito wao wenyewe. Mke wangu akamuuliza kijana bei ya ukumbi. Mabinti walijipiga picha mbele ya pipa. Katika picha hizo wanatabasamu, nami niliandika hivyo kwenye daftari, bila kuongeza maelezo.

"Kiingilio shilingi ngapi?" nilimuuliza kijana.

"Cha nini?"

Kituo cha pili kilikuwa Kemondo. Mkoa wetu hauna treni, lakini reli tunayo: inatoka ziwani, inapanda gatini na kuishia karibu na hapo, kwa sababu zamani mabehewa yalikuja yamepakiwa ndani ya meli. Kwangu mimi hiki ni kitu cha ajabu kuliko treni yenyewe. Reli isiyokwenda kokote inastahili heshima. Mlinzi wa geti alikuwa na mtazamo mwingine.

"Mna mzigo?"

"Hatuna."

"Mnasafiri?"

"Hapana."

"Mnampokea mtu?"

"Hapana, ndugu yangu. Tumekuja kuangalia reli."

Akatutazama mmoja mmoja. "Reli imefanya nini?"

Nikasema haijafanya kitu, ila ni ya kihistoria. Akasema kwa kuingia ndani inahitajika barua, lakini kwa kuangalia, macho hayana geti. Tusimame palepale kwenye uzio. Tukasimama. Nikatoa daftari na futi ya kupimia, ambayo nilikuwa nimeibeba kwa ajili ya injini ya Baba, nikaanza kuandika. Hilo lilikuwa kosa. Dakika hazikupita tano, mama mmoja muuza dagaa akatujia, nyuma yake wanawake wengine watatu.

"Mzee, shikamoo. Ninyi ni watu wa mradi?"

"Marahaba. Hapana, mama. Ni familia tu, tuko likizo."

"Likizo na futi?" Aliwageukia wenzake. "Wanapima! Nilisema mimi. Mzee, niambie ukweli, meza yangu imo kwenye mstari au haimo?"

"Hakuna mstari."

"Hivyo ndivyo walivyosema wale wengine. Andika basi jina langu kwanza, maana fidia ikija wanaanza kuandikwa wasiokuwepo."

Mke wangu alishuka kwenye gari, akaongea naye Kihaya kwa muda mfupi na kwa sauti ya chini. Sijui alimwambia nini. Wanawake walinitazama, wakacheka mpaka yule mama akashika mbavu, kisha akatuuzia dagaa kwa bei nzuri. Tulipoondoka nilimuuliza mke wangu alikuwa amewaambia nini.

"Nimewaambia una shida kidogo, lakini hudhuru mtu."

Ndani ya gari nilisoma ukurasa wa kumi na mbili kwa sauti, wenye kichwa "Mashine ya Baba". Nilikuwa nimeuandika kwa muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote. Binti mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kweli babu yake aliinua lile gurudumu peke yake. Nikasema hakuliinua, alilizungusha. Akauliza kama ataruhusiwa kulizungusha na yeye. Nikamwahidi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kuniuliza swali lisilohusu muda wa kula.

Tuliacha lami, tukashika barabara ya vumbi kati ya migomba. Saa saba kasoro dakika nne tuliona maturubai.

Yalikuwa mawili, ya bluu na nyeupe, yamefungwa kutoka kwenye nyumba ya Baba mpaka kwenye mti wa parachichi. Chini yake kulikuwa na viti vya plastiki vimejaa watu. Wanawake walikuwa wamevaa khanga zao nzuri na vitambaa kichwani. Wanaume walikuwa na makoti. Kando, kwenye moshi, masufuria manne makubwa yalikuwa mekoni, na mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, imepangwa kivulini. Mbele ya kaburi la Baba kulikuwa na meza yenye msalaba, mishumaa miwili na picha yake ya kitambulisho, imekuzwa mpaka sura imekuwa ya nukta nukta.

"Kuna msiba?" aliuliza mke wangu, akizima gari.

Mimi nilikuwa nimevaa fulana na kofia ya jua, futi ikining'inia mfukoni. Mabinti walikuwa na suruali. Mke wangu alielewa kabla yangu. Ni mwalimu, amezoea kuona jibu lisilo sahihi linakoelekea. Akafungua buti, akatoa khanga mbili, akawarushia wanawe. "Jifungeni haraka. Baba yenu ameandika kitu."

Shangazi alikuja kutupokea mwenyewe. Alikuwa na gauni jipya. Alinishika mikono yote miwili, akanipa zile buni chache za kutafuna anazopewa mgeni wa heshima, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mwanangu," alisema. "Miaka tisa! Miaka tisa nangoja mtu katika ukoo huu aseme neno hilo. Kila mtu ana ada za shule, kila mtu ana mabati. Nikasema nitakufa kaka yangu hajafanyiwa makumbusho. Na umesema wewe. Wewe ambaye tunakucheka!"

Katika mwaka wa hamsini na moja wa maisha yangu niligundua kwamba neno nililokuwa nimelieleza kwa usahihi kwenye ukurasa wa kwanza lina maana moja tu Ijumbi: siku ukoo unapokutana kumwombea marehemu, kumsema vizuri na kula kwa jina lake. Siku hiyo hutangazwa na mtoto wa marehemu. Akishaitangaza haiwezi kufutwa.

Binamu, yule wa mikono minane, alisimama akasoma ujumbe wangu wote kutoka kwenye simu yake, kuanzia saa mbili na dakika kumi na saba, ili wote wajue mwaliko ulitoka wapi. Aliposoma kwamba ningeeleza mwenyewe bila padri, watu waliguna. Katekista alikuwepo, akiwa amekaa mbele na uso wa mtu aliyekwishasamehe. Rozari ilisalishwa. Kisha nikaambiwa nizungumze.

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na kijitabu. Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili.

Nilisoma nilivyouandika, neno kwa neno. Kwamba Baba aliamka kabla ya jogoo wa jirani ili kuipasha injini moto. Kwamba alikuwa na kitambaa kimoja cha kufutia mafuta na kingine cha kufutia uso, na mara mbili kwa wiki alivichanganya. Kwamba sauti ya injini, tuku, tuku, tuku, iliwafanya watoto wa kijiji kizima kujua kwamba wamechelewa shule. Kwamba mkulima asiye na fedha ya kukobolea aliambiwa aache debe la kahawa kama dhamana, na wengine hawakulirudia, na debe hilo Baba hakuliuza. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Kweli kabisa." Mwingine akaigiza ile sauti, tuku, tuku, na watu wakacheka, na Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikilizwa namna ile. Hata mke wangu alikuwa ametulia.

Nikachangamka kupita kiasi. Nilifunga kijitabu nikasema, "Na sasa, ndugu zangu, twendeni tukaitazame."

Hakuna aliyesimama isipokuwa binti yangu mdogo. Nilidhani wamechoka. Nikamshika mkono, nikazunguka nyumba, na baada ya kusitasita watu kama ishirini wakatufuata, kwa adabu, kama wanavyomfuata mtu ambaye hajaambiwa habari. Nikafungua mlango wa banda.

Kulikuwa na sakafu. Juu yake doa jeusi la mafuta, umbo la injini kamili, na boliti nne zimesimama kwenye zege.

"Iko wapi?" aliuliza binti mdogo.

Nilimgeukia Shangazi, aliyekuwa amefika mlangoni. Hakuona aibu, alikuwa anashangaa.

"Iko pale," alisema, akionyesha masufuria kwa midomo.

"Shangazi, nilikuambia tungoje."

"Uliniambia mtu wa vyuma angoje mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kumi na mbili umefika, ukatangaza makumbusho. Mimi nikajua ndivyo ulivyopanga: mashine ya Mzee imlipie Mzee. Nikasema huyu mtoto ana akili kumbe. Jumatano wakaja kutoka Muleba wakapima, kilo mia nne na kumi, kwa mia saba. Mbuzi wawili, mchele, mafuta ya kupikia, na katekista nimempa cha nauli. Hakuna aliyechangishwa hata shilingi." Alinitazama kwa makini. "Ulitaka nini kingine, waitu, mwanangu?"

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na kurasa mbili zilizobaki. Nikasema, "Hakuna, Shangazi. Umefanya vizuri."

Nilikula. Nyama ilikuwa laini. Nililetewa sahani ya pili kwa heshima ya mwenye shughuli, na baada ya sahani hiyo akaja mtu wa maturubai na viti, akininyooshea karatasi ya deni. Shangazi alilipia chakula. Kivuli, kwa desturi, hulipwa na aliyetangaza. Laki na themanini. Mke wangu alifungua mkoba, akahesabu, akafunga mkoba.

Kisha akainuka na ufunguo wa gari mkononi. "Twende," alisema.

"Wapi?"

"Muleba, kwa huyo mtu wa vyuma. Umemwahidi mtoto gurudumu."

Tulifika Muleba mjini saa kumi na dakika tano, sisi wanne. Uwanja wa vyuma ulikuwa nyuma ya gereji: mabati, magodoro ya springi, fremu za baiskeli, sufuria zilizotoboka. Mwenye uwanja alikuwa amekaa juu ya betri ya lori, akila muhogo. Aliikumbuka injini vizuri.

"Ile tuliivunja kwa nyundo Alhamisi. Imeondoka jana na lori. Ila kuna gurudumu moja lilikataa. Nyundo ilivunjika mpini, gurudumu halikuvunjika. Liko pale."

Lilikuwa limelala chini ya rundo la mabomba. Nililijua kwa alama ya patasi ambayo Baba aliichonga ukingoni ili ajue mahali pa kuanzia kuzungusha. Niliweka kidole kwenye alama hiyo. Ilikuwa na mafuta bado.

"Nalinunua," nikasema.

"Mzee, hapa watu wanauza. Hakuna anayenunua."

"Mimi nanunua. Kilo moja kwa mia saba, si ndiyo bei?"

"Elfu moja na mia tano."

"Wewe ulinunua kwa mia saba!"

"Mimi nilinunua chuma," alisema, akimeza muhogo wake. "Wewe unanunua baba yako."

Mke wangu, ambaye hubishania bei ya nyanya mpaka muuzaji anaomba msamaha, akafungua mkoba bila kubisha. Mizani ikaletwa. Kilo themanini na sita. Shilingi 129,000. Wanaume watatu waliliingiza kwenye buti, na gari letu likainua pua kama meli inayozama kwa nyuma.

"Nilitaka kusafiri kwa meli," alisema mke wangu, akiwasha gari. "Nimepewa nanga."

Mabinti walicheka mpaka tukarudi kwenye vumbi, na yeye mwenyewe mwishowe akacheka, na mimi nikaona kwenye kioo cha ndani nyuso tatu zinazotabasamu kwa wakati mmoja. Hesabu ya ile video ilikuwa wanne, hivyo nikajitahidi.

Watu walikuwa bado wapo. Vijana wa ukoo walilibingirisha gurudumu mpaka kichwani pa kaburi, wakalisimamisha, wakalikandamiza kwa mawe huku binamu akiahidi saruji. Kabla hawajamaliza, binti mdogo alishika ukingo wake kwa mikono miwili akajaribu kulizungusha. Lilisogea kiasi cha nusu kiganja, kisha likarudi. Yule mzee wa nyuma akasema, "Tuku." Moja tu. Shangazi alizunguka kaburi zima, akalitazama upande huu na upande ule.

"Sasa hayo," alisema, "ndiyo makumbusho." Sikumuuliza kwa maana ipi.

Jioni ya siku iliyofuata nilifunga hesabu za likizo, nikazipitia pamoja na mke wangu. Mafuta, chakula, zawadi ya Shangazi na dharura vilitumika kama ilivyopangwa. Nje ya bajeti kulikuwa na maturubai na viti, 180,000, na gurudumu, 129,000, jumla 309,000. Viingilio, ambavyo nilivitengea 20,000, hatukutozwa popote, na hicho ndicho kifungu pekee cha mpango wangu kilicholeta faida. Mke wangu aliuliza injini nzima iliuzwa kwa ngapi. Nikazidisha kilo mia nne na kumi kwa mia saba, nikamwonyesha. Akaitazama tarakimu hiyo, akaitazama ile ya hasara yetu chini yake, akasema ni vizuri niendelee kusoma, na kwamba mwakani ni Mwanza.

Injini nzima, kama ningempigia Shangazi mwezi Oktoba na kusema sentensi moja, kwamba nainunua mimi, ingenigharimu shilingi 287,000. Kwa gurudumu lake moja, hata baada ya kutoa zile 20,000 za viingilio, nimepoteza shilingi 289,000.